Makhan Singh: fundi wa imprimeri aliyefungua mlango wa sendika kwa kila rangi

Mwezi wa tatu mwaka 1935, mjini Nairobi, sendika moja ndogo ya mafundi Wahindi ilichagua katibu mpya. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka 21. Alivaa kilemba cha Kisikh, na mchana alikuwa anafanya kazi katika imprimeri ya baba yake. Sendika hiyo haikuwa na pesa na haikuwa na nguvu. Jina lake lilisema wazi ni ya nani: ilikuwa ni Sendika ya Wahindi. Mwafrika aliyepanga matofali kwenye ukuta uleule hakuwa na nafasi ndani yake.

Wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, huyo kijana aliwashawishi wenzake wafanye jambo ambalo wengi waliona ni wazimu. Neno Wahindi lilitolewa katika jina, na mlango ukafunguliwa kwa mfanyakazi yeyote, wa rangi yoyote na wa dini yoyote. Jina lake lilikuwa Makhan Singh. Leo Kenya inamhesabu kati ya waanzilishi wa sendika zake na kati ya watu waliodai uhuru mapema kabisa. Lakini upande huu wa ziwa Tanganyika jina lake halisikiki sana, hata kama jambo alilolipigania linajulikana sana hapa.

Swali ambalo Uvira inalijua

Nani anapata kazi? Pale bandari ya Kalundu, pale kwenye mashirika, kwenye biro za leta, kwenye shule na hospitali, swali hili haliishi. Kila mara tangazo la kazi likibandikwa, watu wanauliza kwanza mkubwa wa pale ni wa kabila gani, ni mtoto wa nani, anasali wapi. Mwenye kukosa kazi anasema walichukuana wao kwa wao. Mwenye kupata naye anasema na wale wengine wangefanya hivyohivyo.

Kuna neno moja watu wanalisahau mara nyingi. Si patroni peke yake anayefunga mlango. Wakati mwingine wafanyakazi wenyewe, ndani ya chama chao, njo wanaofunga. Wanaogopa kwamba mgeni akiingia atakubali mshahara mdogo, na kazi ya watoto wao itapotea. Woga huo si wa bure. Lakini Makhan Singh alitumia maisha yake kuonyesha kwamba mlango ukifungwa hivyo, anayefaidika mwisho ni patroni.

Mtoto wa Punjab anafika Nairobi

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, katika Punjab. Wakati ule pote palikuwa India chini ya Waingereza. Leo sehemu hiyo iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alitangulia kuja Kenya na kufanya kazi ya ufundi kwenye reli. Mwaka 1927 mama alimfuata baba pamoja na watoto, na Makhan akafika Nairobi akiwa na miaka 13.

Reli hiyo ndiyo ilileta Wahindi wengi Afrika ya Mashariki. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya watu 30,000 kutoka India kujenga njia ya kutoka Mombasa mpaka ziwa Victoria. Karibu 2,500 walikufa kwa magonjwa na kwa ajali. Wengi wa waliobaki wazima walirudi kwao, na karibu 6,700 walibaki. Nyuma yao walikuja wengine: wachuuzi, makarani, maseremala, waashi, mafundi wa vyuma. Watu wa Uvira na Bujumbura wamezoea kumuona Muhindi akiwa dukani. Nairobi ilikuwa na Wahindi wa duka pia, lakini ilikuwa na maelfu wengine waliokula kwa mikono yao, na walikuwa na patroni kama watu wengine wote.

Baadaye Sudh Singh aliacha reli, akafungua imprimeri yake. Makhan alisoma shule ya serikali ya Wahindi, maana hata shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, akapata cheti cha kumaliza sekondari mwaka 1931. Alikuwa mtu wa hesabu na wa mashairi. Aliandika mashairi kwa Kipunjabi tangu ujana. Pesa za kuendelea na chuo hazikupatikana. Akaingia kazini kwa baba yake, kupanga herufi na kuendesha mashini. Kazi hiyo ilimpa kitu ambacho viongozi wengi wa wakati ule hawakuwa nacho: aliweza kuchapa kartasi usiku na asubuhi ikawa mikononi mwa watu.

Mji wenye mishahara ya rangi tatu

Nairobi ya miaka ile ilikuwa imepangwa kama ngazi. Juu walikaa Wazungu, katikati Wahindi, chini Waafrika. Kila kundi lilikuwa na mitaa yake, shule zake, hospitali zake, hata sehemu yake kwenye gari la moshi. Na mishahara ilikuwa vilevile. Watu watatu wangeweza kufanya kazi ya aina moja na mwisho wa mwezi kupokea pesa za aina tatu.

Mwafrika alibeba mzigo mwingine tena: kipande. Kwa sheria iliyotumika tangu miaka ya 1919 na 1920, kila mwanaume Mwafrika alilazimishwa kutembea na karatasi ya kazi ndani ya kisanduku cha chuma, mara nyingi kimetundikwa shingoni. Humo patroni aliandika mshahara wake na siku ya kuacha kazi. Asipotiwa sahihi, hawezi kwenda kwa patroni mwingine. Harry Thuku alipowaamsha watu juu ya kipande na kodi, alikamatwa Machi 1922, na polisi wakafyatua risasi kwa watu waliokusanyika kudai afunguliwe. Zaidi ya 20 walikufa.

Wakaaji wa Kongo ya wakati ule wangeitambua ngazi hiyo haraka. Kwa Wabelgiji mambo hayakuwa tofauti. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière huko Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville, waligoma juu ya mshahara, na askari wakawapiga risasi. Ni mwaka 1946 tu utawala wa Wabelgiji uliruhusu sendika za wenyeji, nazo zikawekwa mbali na zile za Wazungu. Watumishi wa leta wenyewe waligawanyika: Wazungu walikuwa na chama chao kilichoitwa AFAC, na Wakongomani walikuwa na APIC. Matokeo yake yalionekana mwaka 1960. Siku ya uhuru, kwenye vyeo vya juu vya utawala, vilivyokuwa zaidi ya 4,000, Wakongomani walikuwa 3 tu.

Katika ngazi kama hiyo, fundi Muhindi alikuwa mahali pa hatari. Juu yake Mzungu alimkandamiza. Chini yake aliona Mwafrika akijifunza ufundi polepole, na alijua siku moja patroni atamchukua huyo kwa bei ndogo. Basi wengi walifikiri dawa ni kujifunga: ufundi ubaki kwa Wahindi, na sendika ibaki ya Wahindi.

Jina linabadilishwa

Makhan Singh alipopewa ukatibu Machi 1935, alisoma mambo kwa njia nyingine. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Wahindi peke yao ni wachache. Wakigoma, patroni ataita Waafrika. Waafrika wakigoma, ataita Wahindi. Kila kundi linakuwa fimbo ya kupiga kundi lingine, na fimbo zote mbili ziko mkononi mwa mtu mmoja. Woga wa fundi Muhindi kuhusu mshahara mdogo wa Mwafrika hauondolewi kwa kumfukuza Mwafrika. Unaondolewa kwa kupandisha mshahara wa Mwafrika.

Aprili 1935 sendika ilipata jina jipya: Labour Trade Union of Kenya, yaani sendika ya wafanyakazi wa Kenya. Kufuatana na sheria zake mpya, mfanyakazi yeyote aliweza kuingia bila kuangalia rangi, dini wala kabila. Hata kati ya Wahindi wenyewe hilo lilikuwa jambo kubwa, maana Masikh, Wahindu na Waislamu walikuwa na vyama vyao vya pembeni na ugomvi wao waliotoka nao kwao.

Imprimeri ya baba ikaanza kufanya kazi. Matangazo yalitoka kwa Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati, Kiingereza, na pia kwa Kiswahili. Hilo la Kiswahili halikuwa pambo. Mwanachama anayepewa kartasi asiyoweza kuisoma anajua palepale kwamba yeye ni mgeni humo ndani.

Kusema kweli, mlango kufunguliwa na watu kuingia ni mambo mawili. Kwa miaka ya kwanza Waafrika walioingia walikuwa wachache. Mwafrika alikuwa na sababu za kukosa imani: Muhindi aliyemjua alikuwa ni mwenye duka anayemuuzia chumvi, au fundi mkubwa anayempigia kelele kazini. Na mada za kwanza za sendika, hasa saa za kazi na mshahara wa mafundi, ziligusa zaidi Wahindi. Makhan Singh hakuficha jambo hilo. Aliendelea kutafuta watu wa vyama vya Waafrika, hasa wale wa Kikuyu Central Association, na kufikia mwaka 1939 viongozi kama Jesse Kariuki na George Ndegwa walikuwa wanafanya kazi pamoja na sendika yake.

Siku 62

Jambo la kwanza kubwa lilikuwa saa nane za kazi kwa siku. Wakati ule fundi wa majengo aliweza kushikwa kazini tangu asubuhi mpaka giza, kama patroni ametaka. Mwaka 1936 sendika ilidai saa nane, na maboss kadhaa wa Nairobi wakakubali. Watu wakaona kumbe inawezekana, na wanachama wakaongezeka.

Mwaka uliofuata, Aprili 1937, sendika ilidai nyongeza ya mshahara. Makampuni ya ujenzi yakakataa. Mafundi wakaweka nyundo chini, na mgomo ukaendelea siku 62. Miezi miwili bila mshahara ni kitu ambacho mtu wa Uvira hahitaji kuelezwa: kodi ya nyumba inangoja, watoto wanalia, na kila asubuhi kuna mjanja anayenong'ona kwamba fulani na fulani wamekwisha kurudi kazini. Sendika ilichangisha chakula na pesa, ikaweka watu kwenye milango ya kazi kuwazuia wasaliti. Mwisho makampuni yalitoa nyongeza iliyoanzia asilimia 15, yakakubali saa nane, na kuwarudisha waliogoma.

Wengi wa wagomaji hao walikuwa mafundi Wahindi, na faida ya kwanza ilikuwa yao. Lakini habari zilivuka mipaka. Mwaka huohuo sendika ilibadilisha jina tena ikawa ya Afrika ya Mashariki yote, ikafungua mikono kwa wafanyakazi wa Uganda na Tanganyika. Serikali ya kikoloni nayo, badala ya kuzuia, ilitunga sheria ya sendika mwaka 1937 ikidhani itazishika vizuri zikiwa zimeandikishwa.

Kisha Julai na Agosti 1939 Mombasa ikawaka. Wafanyakazi wa idara ya kazi za umma walianza, na moto ukafika bandarini. Hao walikuwa Waafrika, na hawakuongozwa na sendika yoyote. Tume ya serikali ilipokaa kuchunguza, Makhan Singh alisafiri mpaka Mombasa kutoa ushahidi upande wa wabebaji mizigo, akieleza mishahara yao na vyumba walivyorundikwa ndani yake. Muhindi kusimama mbele ya tume juu ya makuli weusi wa bandari, hilo halikuwa limezoeleka.

Kifungo cha kwanza

Desemba 1939 alienda India, akitaka kuona namna sendika za huko zinavyofanya kazi. Akajikuta katikati ya harakati za wafanyakazi wa viwanda vya nguo mji wa Ahmedabad. Mei 1940 Waingereza walimkamata. Alikaa kizuizini bila hukumu zaidi ya miaka miwili, kisha akalazimishwa kubaki kijijini kwake mpaka mwanzo wa 1945. Baadaye alifanya kazi katika gazeti la chama cha kikomunisti huko Lahore. Ukomunisti huo hakuukana maishani mwake, na ndio ulikuwa silaha ambayo wakoloni, na baadaye wengine pia, waliitumia kumpiga.

Alirudi Kenya Agosti 1947. Serikali ilijaribu mara moja kumfukuza, lakini sheria haikuwapa njia na kesi ikawashinda. Mwezi huohuo wa kurudi kwake, Chege Kibachia, aliyekuwa ameongoza wafanyakazi wa Mombasa baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Wafanyakazi Waafrika walikuwa wanatafuta nguvu mpya.

Mwafrika mbele, Muhindi pembeni

Sasa hali ilikuwa imegeuka. Miaka ya 1930 Wahindi ndio walikuwa wengi kwenye sendika. Baada ya vita Waafrika walifurika mijini, na sendika zao zilichipuka: za madereva wa taksi na magari, za washonaji, za watumishi wa nyumbani. Tarehe 1 Mei 1949 baadhi ya sendika hizo ziliungana na ile ya Makhan Singh kuunda East African Trade Union Congress. Mwenyekiti akawa Fred Kubai, kijana Mwafrika kutoka sendika ya usafirishaji. Makhan Singh akawa katibu mkuu.

Mpangilio huo una maana. Makhan Singh alikuwa amemzidi Kubai kwa miaka na kwa uzoefu. Lakini muungano wa wafanyakazi ambao wengi wao ni Waafrika ulihitaji sura ya Mwafrika mbele, na yeye akakaa kwenye kazi ambazo haziimbwi: kuandika barua, kuweka daftari za michango, kutafsiri, kuchapa, kupanga mikutano. Mji mzima ulisikia sauti za Kubai na wenzake. Kartasi zilizobeba sauti hizo zilipita mikononi mwa fundi wa imprimeri.

Serikali ilikataa kuandikisha muungano huo. Machi 1950, Nairobi ilipopewa hati ya kuwa jiji na wakubwa wakajiandaa kwa sherehe, muungano uliwaomba wafanyakazi wasiende. Jiji ni la nani, waliuliza, kama wanaolifagia na kulijenga wanalala kwenye vibanda?

Tarehe 23 Aprili 1950, kwenye ukumbi wa Kaloleni, Waafrika wa Kenya African Union na Wahindi wa chama chao cha kisiasa walifanya mkutano wa pamoja. Hapo Makhan Singh alisimama kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki, tena bila kungoja. Wakati huo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti vichache zaidi kwenye baraza la Mzungu.

Wiki tatu zilipita. Mei 15 polisi waliwakamata yeye na Kubai. Kesho yake Nairobi ilisimama. Mgomo ulienda karibu siku tisa, polisi wakitumia moshi wa machozi na marungu. Kati ya madai ya wagomaji, ambao karibu wote walikuwa Waafrika, lilikuwemo hili: Makhan Singh afunguliwe. Ile sendika ambayo miaka 15 mbele ilikataza Mwafrika kuingia, sasa Waafrika waliacha mishahara yao juu ya katibu wake Muhindi.

Miaka 11 jangwani

Kesi ilisikilizwa Nyeri. Mbele ya tribinali hakujaribu kujipunguza: alikubali kwamba ni mkomunisti, na alikataa kwamba Uingereza ina haki ya kutawala Kenya. Hukumu ilikuwa kumzuia mbali na watu. Alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa katika nchi kavu ya Waturkana, halafu Maralal, na Dol Dol.

Alikuwa tayari kizuizini wakati hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Jomo Kenyatta na wenzake waliletwa Lokitaung baada yake, na walitoka kabla yake. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, Makhan Singh Oktoba 1961. Jumla ilikuwa zaidi ya miaka 11. Katika Kenya ya wakoloni hakuna wengi waliozuiliwa muda mrefu hivyo. Mara kadhaa alidokezewa kwamba akikubali kuondoka Kenya atapata uhuru wake. Alikataa, maana kuondoka kungekuwa kukubali kwamba yeye ni mgeni.

Nyumbani Nairobi, mke wake, Satwant Kaur, alilea watoto watatu bila baba.

Uhuru bila kiti

Watu wengi waliotoka kizuizini waliingia serikalini. Makhan Singh hakuingia. Alijiunga na KANU, lakini hakupewa uwaziri, hakupewa ubalozi, na sendika hazikumrudisha kwenye uongozi. Sendika za wakati huo zilikuwa zimeongozwa na Tom Mboya na wenzake, wenye urafiki na sendika za Magharibi, na mkomunisti wa zamani alikuwa mzigo kwao. Juu ya hapo alikuwa Muhindi, wakati upepo ulikuwa umegeuka.

Ni hapa maisha yake yanagusa upande mgumu zaidi wa swali la kazi. Baada ya uhuru, serikali ya Kenya ilitaka Waafrika wapate kazi na biashara walizonyimwa kwa miaka 60. Dai hilo lilikuwa la haki. Ngazi ya rangi haikuweza kuachwa hivyo. Lakini sheria za mwaka 1967 ziliwataka Wahindi wasio raia waombe kibali cha kufanya kazi, na mwanzoni mwa 1968 maelfu walikimbilia Uingereza, hata Uingereza yenyewe ikatunga sheria ya haraka kuwazuia. Kati ya walioondoka walikuwemo matajiri wa maduka. Walikuwemo pia waashi na maseremala, watoto wa wale waliogoma siku 62.

Makhan Singh alibaki. Alirudi kwenye kartasi. Kwa kuwa aliweka kila barua na kila tangazo, aliandika historia ya sendika za Kenya mpaka mwaka 1952, kitabu kilichotoka 1969. Sehemu ya pili ilitoka baada ya kifo chake. Ndani ya kurasa hizo wafanyakazi Waafrika na Wahindi wanatajwa kwa majina, mgomo baada ya mgomo. Makaratasi yake yanatunzwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2006 Zarina Patel alitoa kitabu kizima juu ya maisha yake.

Alikufa kwa moyo tarehe 18 Mei 1973, mjini Nairobi, akiwa na miaka 59.

Milango mingine

Hadithi ya sendika inayofunga mlango si ya Nairobi tu. Marekani, wafanyakazi wa nyuma ya jukwaa kwenye majumba ya michezo ya kuigiza, wale wanaojenga mandhari, wanaofunga taa na kuvuta mapazia, waliungana mwaka 1893 katika sendika yenye nguvu sana. Mishahara yao ikawa mizuri. Lakini kwa miaka mingi, New York na kwingineko, kadi ya sendika ilipita toka kwa baba kwenda kwa mtoto au kwa mpwa, na kwa kuwa akina baba walikuwa Wazungu, watoto pia walikuwa Wazungu. Hakukuwa na lazima ya kuandika mahali popote kwamba mtu mweusi au mwanamke hatakiwi. Ilitosha kuajiri ndugu. Machi 1969 tume ya serikali ya Marekani ya usawa wa kazi ilikaa Los Angeles kusikiliza malalamiko kama hayo kuhusu makampuni ya filamu na sendika zao, na mabishano yanaendelea mpaka leo.

Tofauti kati ya huko na Nairobi ni huyu: kule wizara na tume zililazimika kuja kugonga mlango toka inje. Nairobi ya 1935 mlango ulifunguliwa toka ndani, na mtu ambaye angeweza kufaidika ukibaki umefungwa. Makhan Singh alikuwa mwanaume, Muhindi, mwenye masomo, mtoto wa mwenye imprimeri. Kwa sheria ya ngazi ile, alikuwa na nafasi yake tayari.

Kazi yake haikumaliza ngazi. Waliomfuata waligombania vidato vilevile, na wengine walimsahau. Lakini saa nane za kazi zilibaki. Na tangu Aprili 1935, sheria za sendika yake hazikuuliza tena mwanachama ni wa rangi gani.